Majuto ni Mjukuu wa Nani?

Kuna sentensi fupi ambayo nimeisikia kwa watu wa rika letu mara nyingi kuliko "nilifeli". Ni hii: "Si ningeomba tu." Mtu hakukataliwa na chuo alichokiota. Hakuna barua iliyomwambia pole. Hakuomba kabisa. Alikuwa na jina la chuo kichwani tangu Form Two, akalitaja kwa marafiki, pengine akachora nembo yake nyuma ya daftari la Hesabu, halafu siku ya kujaza fomu ikafika na akaandika jina la chuo kingine.

Msee aliyeomba akakataliwa ana stori ya kuelezea. Aliyekosa kuomba ana swali tu, na swali halizeeki. Ndio maana unakuta mtu ana miaka 27, ana kazi, analipa rent, lakini ukitaja chuo fulani ananyamaza kidogo kabla ya kuendelea na maongezi.

Wazee husema majuto ni mjukuu. Tunaitumia hiyo methali kumkaripia mtu: ona sasa, umechelewa. Lakini mjukuu ana babu, sindio? Mimi naona haya majuto tunayobeba kila mtu kivyake yana ukoo, na ukoo wenyewe ni historia ya nchi hii. Wacha niwapeleke polepole.

Wakati hapakuwa na mlango

Anza na hili: hadi katikati ya miaka ya 1950, Kenya haikuwa na chuo cha elimu ya juu. Sisemi vilikuwa vichache. Hakikuwepo. Ukitaka kusoma zaidi ya sekondari hapa Afrika Mashariki, mahali penyewe palikuwa Makerere, Kampala. Na Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, mambo ya useremala na makanika. Wanawake wa kwanza waliingia mwaka 1945. Digrii zilikuja baada ya 1949, ilipofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, yaani unasoma Kampala lakini cheti kinatoka Uingereza.

Mwai Kibaki alipita hapo kusomea uchumi, halafu akaenda London School of Economics. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia Makerere mwaka 1959. Haya ni majina tunayoyajua kwa sababu waliopita walikuwa wachache. Kwa kila mmoja aliyevuka mpaka kwenda Kampala, kulikuwa na darasa zima lililobaki nyuma likifundishwa kuwa makarani, walimu wa primary na wasaidizi wa daktari.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa magumu hata zaidi. Mbiyu Koinange aliondoka Kiambu mwaka 1927 kwenda kusoma Marekani, akaanzia Hampton kule Virginia, na baadaye akafika Columbia. Lakini huyo alikuwa mtoto wa chifu mwenye mali na mashamba. Aliporudi alisaidia kuanzisha chuo cha walimu pale Githunguri mwaka 1939, kilichojengwa kwa michango ya wananchi wenyewe. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa.

Sasa ona hapo. Kijana wa mwaka 1940 kule Nyeri au Siaya hangeweza kujuta kutoomba chuo cha ndoto zake, kwa sababu hiyo ndoto yenyewe haikuwa imeruhusiwa kufika kijijini. Majuto yanahitaji mlango. Hujuti kutobisha ukuta. Babu wa majuto yetu ni huo ukuta.

Enzi za barua na stempu

Mwaka 1956, Royal Technical College ilifungua madarasa Nairobi. Hicho ndicho kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mlango wa kwanza ulikuwa umefunguka, lakini kidogo tu. Wakati huo huo, uhuru ulikuwa unanukia, na watu walianza kuuliza swali la maana: wakoloni wakienda, nani ataendesha hizi ofisi?

Hapo ndipo Tom Mboya anaingia.

Mboya alizunguka Marekani mwaka 1956 na tena mwaka 1959, akiongea kwenye vyuo, makanisa na mikutano ya vyama vya wafanyakazi. Kila alipofika aliomba nafasi za masomo kwa vijana wa huku. Vyuo vingi vilikubali. Shida ikawa nauli. Mtu ana barua ya kukubaliwa chuo mkononi, ana ahadi ya ufadhili, lakini hana namna ya kuvuka bahari. Ndio wakaunda shirika la kuchangisha pesa na kukodi ndege. Mchezaji wa baseball Jackie Robinson alisaidia, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikatua New York ikiwa na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata Mboya alikutana na John F. Kennedy, ambaye wakati huo alikuwa seneta anayewania urais, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kufikia 1963, mamia ya vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wamepita njia hiyo. Wakoloni hawakufurahia. Walidai elimu ya Marekani ni ya kiwango cha chini. Watu wakapanda ndege tu.

Hii stori huwa tunaisimulia kama stori ya ndege. Mimi naona ni stori ya barua. Ndege haikumpa mtu nafasi chuoni. Ilibeba watu ambao tayari walikuwa wamekubaliwa mahali. Kabla ya ile ndege kuna mtu alikaa chini, pengine kwa mwanga wa koroboi, akaandika kwa Kiingereza cha shule kwenda kwa watu asiowajua, katika mji asioujua kutamka jina lake, akalamba stempu, akatuma. Halafu akangoja wiki kadhaa bila kujua kama barua ilifika.

Chukua Barack Obama, yule baba. Aliondoka Maseno bila kumaliza. Akawa karani Nairobi, ana mke, ana mtoto. Kwa hesabu ya kawaida ya mtaa, huyo amekwisha, wacha atafute pesa. Alimalizia masomo yake kwa posta, akisaidiwa na walimu wawili Wamarekani waliokuwa Nairobi, akaandikia vyuo vingi vya Marekani. Vingi havikumtaka. Chuo Kikuu cha Hawaii kilimkubali, akaenda huko mwaka 1959. Hata kwenye ile ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 hakuwemo. Alipata njia nyingine. Baadaye akafika Harvard.

Sisemi tumfanye mtakatifu. Maisha yake yalikuwa na mambo mengi, na wengine waliumia. Nasema hivi: yule karani hakuwa na matokeo ya kutisha watu. Alikuwa na barua, na akazituma.

Na Wangari Maathai. Alimaliza Loreto Limuru mwaka 1959, enzi ambapo msichana aliyesoma alitarajiwa kuwa mwalimu au nesi na mazungumzo yaishe hapo. Mwaka 1960 alienda Kansas, chuo kidogo cha watawa kinachoitwa Mount St. Scholastica, akasomea biolojia. Njia yake ilipitia kanisa Katoliki, ambalo lilikuwa linatafuta wanafunzi wa kutuma ng'ambo. Hapa tuwe wakweli: hakuna aliyefika huko kwa bidii peke yake. Ilibidi awepo mtu wa kusema, "Kuna nafasi, na anwani ni hii." Kwa Wangari alikuwepo. Kwa Obama alikuwepo. Je, yule msichana mwenye akili kama za Wangari katika shule isiyokuwa na mtawa wala mwalimu wa kuandika barua? Huyo alibaki. Hakuna kitabu kinachotaja jina lake, na pengine hata yeye hakujua ndege ilipita.

Mlango ukawa foleni

Uhuru ukaja. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, kikavunjwa, na Nairobi ikasimama yenyewe. Mlango sasa uko nyumbani. Lakini ni mmoja. Hadi Moi ilipoanzishwa mwaka 1984, nchi nzima ilitegemea Nairobi na tawi lake la Kenyatta. Idadi ya waliomaliza Form Six ilikuwa inapanda kila mwaka, vitanda vilikuwa vile vile.

Halafu Agosti 1982 jaribio la mapinduzi likatokea. Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa kwa zaidi ya mwaka. Fikiria wewe ndiye umepata alama mwaka huo. Barua unayo, ndoto unayo, na geti limefungwa. Msongamano uliotokana na kufungwa huko na mengine yaliyofuata ulilazimisha vyuo kupokea makundi mawili kwa mpigo, mwaka 1987 na tena 1990, mwaka ambao Form Six ya mwisho na watoto wa kwanza wa 8-4-4 waligongana mlangoni. Wazazi wetu wengi ni zao la huo msongamano. Ndio maana ukimwambia mathee unataka kuacha kozi uliyopewa ufuate ndoto, anakuangalia hivi. Kwake chuo hakikuwa kitu cha kuchagua. Ukipewa kitanda, unashukuru.

Na kweli ilikuwa vitanda. Enzi za JAB, ile bodi iliyogawa nafasi, idadi ya wanafunzi wa serikali ilifungamana na uwezo wa mabweni. Kwenye karatasi C+ ilikuruhusu kwenda chuo kikuu. Kwenye maisha, JAB ilikata juu zaidi ya hapo na maelfu waliofuzu wakaachwa. Waliobahatika nao walikaa nyumbani mwaka mmoja, wengine miwili, wakingoja kuitwa. Tangu 1998 Nairobi ikaleta masomo ya jioni na ya kujilipia, na vyuo vingine vikafuata. Sasa ndoto ikawa na bei: uliyekosa kwa pointi moja unaweza kuingia darasa lile lile, kama nyumbani kuna pesa.

Katika enzi hiyo fomu ilijazwa shuleni, Form Four, kabla hujafanya mtihani. Unakisia alama zako, halafu unachagua kozi kulingana na hayo makisio. Kuna fundi wa simu mtaani kwetu, mtu mpole, mkono wake na soldering ni kama daktari wa upasuaji. Alitaka uhandisi wa umeme. Siku ya fomu mwalimu alisimama mbele ya darasa akawaambia wasipoteze chaguo kwa vitu vya watu wa shule kubwa. Yeye akaandika kozi ya ualimu, chaguo la kwanza hadi la mwisho. Matokeo yakaja: uhandisi angeupata, kwa mujibu wa pointi za mwaka ule. Kulikuwa na muda wa kubadilisha, lakini habari za hiyo nafasi zilifika kijijini kwao baada ya muda kuisha. Ualimu hakuumaliza.

Nikimsikiliza sisikii mtu mvivu. Nasikia mtu aliyefunzwa na mfumo mzima kwamba kuomba kikubwa ni kujiaibisha. Somo hilo halikuanza na mwalimu wake. Linatoka kule kwa ukuta.

Sasa ni zamu yetu

KUCCPS ilikuja na sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012 ikachukua nafasi ya JAB. Halafu mtihani wenyewe ukabadilika. KCSE ya 2016 ilitoa A 141 tu, nchi nzima, wakati mwaka uliotangulia zilikuwa zaidi ya 2,600. Waliopata C+ kwenda juu walikuwa 88,929. Ghafla nafasi zikawa nyingi kuliko watu, na kila aliyefuzu akawa na chuo cha kwenda.

Kwa hivyo tumefika kule babu zetu walikuwa wanaota, sindio? Kila mtu ana mlango. Mbona majuto hayajaisha?

Kwa sababu yamebadilisha sura. Siku hizi hakuna anayekosa chuo kwa kukosa kitanda. Unakosa kile chuo, ile kozi, kwa sababu ulijikata mwenyewe kabla mtu hajakukata. Tangu mfumo mpya wa ufadhili uje mwaka 2023, bei ya kozi iko wazi mbele yako, na kozi nyingine ni laki kadhaa kwa mwaka. Mtoto wa mama mboga anaona hiyo namba, anafunga simu, anachagua kitu cha bei nafuu, na hamwambii mtu. Mahakama na serikali wamevutana kuhusu huo mfumo, lakini huyo mtoto hakungoja hukumu. Alishajitoa.

Na vyuo vya nje? Maombi ya vyuo vingi vya Marekani hufungwa kati ya Novemba na Januari. Novemba ndio uko katikati ya KCSE. Ukingoja matokeo ndio uanze kuuliza, mwaka umeenda. Watoto wa shule za karo kubwa wanajua hili tangu Form Three kwa sababu kuna ofisi ya mwalimu ambaye kazi yake ni hiyo tu. Wengine tunajua tukiwa tumeshamaliza. Kuna watu wamejaribu kuziba hilo pengo: tangu 2004, mradi wa KenSAP ulioanzishwa na mwanariadha Mike Boit na mwandishi John Manners umekuwa ukichukua vijana wenye akili kutoka Bonde la Ufa na kuwasaidia kuomba vyuo vikubwa vya Marekani. Hawakuwapa akili. Akili walikuwa nazo. Waliwapa tarehe, fomu, na mtu wa kusema "wewe omba".

Yaani tumetoka kwenye stempu hadi kwenye simu, na bado kinachotenganisha aliyeenda na aliyebaki mara nyingi ni kile kile cha 1959: nani alikuambia, na alikuambia lini.

Mtu ambaye ndege haikumbeba

Nimeacha jambo moja kuhusu Mboya kwa makusudi.

Yeye mwenyewe hakuwa na digrii. Alisoma Holy Ghost College, Mang'u, hadi pesa za kuendelea zikakosekana nyumbani. Akaenda kusomea ukaguzi wa afya pale Jeanes School, Kabete, akaajiriwa na halmashauri ya jiji la Nairobi. Akajisomea kwa posta usiku. Mwaka 1955 alipata ufadhili wa mwaka mmoja Ruskin College, Oxford. Hicho ndicho chuo alichokipata: mwaka mmoja. Aliporudi alikuwa na miaka 26. Miaka mitatu baadaye alikuwa anapakia watu wengine kwenye ndege kwenda kupata kile ambacho karo ilimnyima yeye. Alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38.

Sijui kama alijuta. Hatuna njia ya kuingia moyoni mwa mtu. Lakini tunaona alichofanya. Mtu aliyejua vizuri mlango unavyofungwa ndiye aliyekwenda kuushikilia ukiwa wazi ili wengine wapite.

Kwa hivyo ukiniuliza mimi, aliyekosa kuomba ana mambo mawili ya kufanya, na kujichapa si moja wapo. La kwanza, aangalie kama mlango umefungwa kweli au ameuzoea tu kama umefungwa. Wangari alipata digrii ya kwanza Kansas na ya pili Pittsburgh, lakini ile PhD iliyomfanya kuwa mwanamke wa kwanza katika eneo letu kuwa na shahada hiyo aliipata hapa Nairobi, mwaka 1971. Kusoma hakuna kituo kimoja. Vyuo vinapokea watu wazima, kuna diploma inayokuvusha hadi digrii, kuna masomo ya masafa. Uliza. Andika hiyo barua.

La pili ni gumu zaidi kwa sababu halina faida kwako. Kwenye ploti yenu kuna mtoto wa Form Three au Form Four. Wewe unajua pointi za klasta zinavyohesabiwa. Unajua potali hufunguliwa lini na kufungwa lini. Unajua kwamba bei iliyoandikwa kando ya kozi si lazima iwe bei utakayolipa, na kwamba msaada wa serikali huombwa kando. Huyo mtoto hajui. Mwalimu wake huenda ameshamwambia aandike kitu cha size yake.

Mwite. Mkae dakika ishirini na simu yako. Mfungulie ukurasa wa kile chuo anachokitaja akidhani hakuna anayesikia, msome masharti pamoja, mwandike tarehe kwenye karatasi aibandike ukutani. Akikataliwa, atakuwa na stori. Akikubaliwa, mtaa mzima una stori.